Jemadari na Zulia la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mbwa amefika. Majuma saba, tumbo kama kibuyu, masikio makubwa kuliko akili. Nimempa jina Jemadari. Mke wangu alisema afadhali tungemwita Bomba Bovu. Sikucheka.

Ndani ya saa moja amekojoa mara nne. Jikoni, ukumbini, chini ya kitanda, na ndani ya kiatu changu cha kazini. Cha kushoto. Kwa shabaha.

Mke wangu ametoa sharti. Mama yake anakuja Jumamosi, na lile zulia la sebuleni mama alilifuma kwa mikono yake mwaka tuliooana. Jemadari akilichafua, siku hiyohiyo anahamia kwa jirani yetu Mkunga, anayejua mbwa. Eti anayejua mbwa! Mimi nimeongoza masjala ya ofisi miaka kumi na tisa na halijapotea faili hata moja. Isipokuwa lile moja, na lile lilijitakia.

Siku tano zinanitosha. Samaki mkunje angali mbichi.

Jumanne, 5 Machi

Mkunga alichungulia juu ya ua kabla sijanywa chai. Hajaombwa. Akasema mbwa mdogo ni mtoto mchanga, kibofu chake ni kama kidole gumba. Nimtoe nje akiamka, akila, akimaliza kucheza. Akijisaidia nje, nimsifu. Akikosea ndani, nifute na ninyamaze.

Ninyamaze! Huyu mama amezalisha nusu ya mtaa, basi anadhani kila kitokacho mwilini ni taaluma yake. Nilimshukuru kwa meno tu.

Mimi nimetumia akili. Nimechapa ratiba: haja ndogo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Nikaigonga muhuri, nikaibandika ukutani chini kabisa, usawa wa macho yake. Jemadari akaisogelea. Akainusa kutoka juu hadi chini kama mkaguzi wa hesabu. Kisha akachuchumaa papo hapo, karatasi ikalowa chapachapa.

Mke wangu akasema, si haba, barua imepokelewa na kutiwa saini.

Jumatano, 6 Machi

Kiongozi huongoza kwa mfano. Asubuhi nilimpeleka Jemadari nyuma ya nyumba, penye kichaka. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna mtu. Nikamwonyesha.

Alinitazama kwa makini, kichwa kimeinama upande. Miaka kumi na tisa ofisini sijawahi kusikilizwa hivyo.

"Jirani, choo chenu kimeziba?"

Mkunga! Anaanika shuka! Nikamjibu kwamba nafunga kamba za viatu. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jemadari akaingia ndani mbio na kukojoa jikoni. Mwanafunzi hana shukrani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua siri. Mbwa mzee wa Mkunga hujisaidia nyuma ya tangi la maji, hapo hapo kila siku, kama mstaarabu aendaye msalani. Si malezi. Ni harufu! Udongo ule ndio mwalimu.

Mkunga alipokwenda kliniki, niliruka ua na ndoo na koleo. Suruali ikachanika mahali pabaya. Sayansi ina gharama zake. Nikachota ndoo nzima, nikaimwaga kwetu karibu na ua.

Jemadari alifurahi mno. Akagaagaa humo tumbo na mgongo, akakimbia ndani, akamalizia kugaagaa juu ya kitanda chetu. Mbwa mzee naye akafuata udongo wake, akajipenyeza kwenye ua, akakaa mlangoni petu kutwa nzima kama mdai.

Mke wangu alifua mashuka mara tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Ajabu! Nimerudi kutoka kazini, sakafu kavu. Jikoni kavu. Ukumbini kavu. Viatu vyote vikavu.

Udongo umefanya kazi.

Nilimwona mke wangu akitoka na Jemadari mara baada ya kumlisha, pindo la kanga limetuna kwa vipande vya nyama. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema wanapunga upepo. Wanawake hawana kazi. Nimemwonya asije akaniharibia mafunzo yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa taabu.

Mama mkwe alifika saa nne. Nikamwamkia, nikamketisha. Jemadari alilala chini ya kiti, mpole kama kasisi. Nikaona huu ndio wakati wa kueleza mbinu zangu. Nikaeleza ratiba. Nikaeleza harufu. Ule mfano niliupita juu juu. Mama mkwe akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimewahi kuugua homa ya kichwa.

Mara Jemadari akaamka. Akaenda mlangoni, akakwaruza, akalia. Katikati ya maelezo yangu! Anataka kutoroka!

Mke wangu akasema nimfungulie. Nikainua mkono. Nidhamu hupimwa mbele ya wageni. Nikauegemea mlango kwa mgongo.

Akakwaruza tena. Akalia tena.

"Wewe bwana, mfungulie huyo mbwa!" mke wangu akafoka.

Nikamjibu kwamba muda wake ni saa saba. Jemadari akaniinulia macho. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba msaada kwa ndugu yake. Kisha akageuka, taratibu, akaenda hadi katikati ya zulia.

Mto. Sikujua kiumbe kidogo vile kinabeba maji yote yale.

Sharti ni sharti. Mke wangu alimbeba, akatoka. Mama mkwe akauliza kwa nini macho yangu yamelowa. Nikamwambia ni vumbi.

Nyumba kimya. Hakuna anayeniuma vidole.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe ameamua kesi wakati wa chai, mbele ya Mkunga.

"Mwanangu, huyu mbwa ameomba ruhusa mara mbili. Asiyejua kazi ya mlango ni wewe. Kama lazima mtu ahamie kwa jirani, nitakusaidia kufunga mizigo."

Wakacheka wote watatu. Mke wangu hadi akashika ukuta.

Basi Mkunga akaenda kwake, akamleta Jemadari, akisema tangu jana hajala, analia tu mlangoni. Jemadari akampita mke wangu mwenye nyama. Akampita mama mkwe. Akanijia mimi moja kwa moja, akatetemeka mwili mzima, akanikojolea miguuni kwa furaha.

Nilimkumbatia. Kidogo tu. Nilikuwa nakagua mbavu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewasimulia ofisini. Wiki moja tu, na mbwa anabisha hodi akitaka kutoka! Mkuu wa idara akaacha chai yake ipoe. Ana watoto wawili wa mbwa kwake, pacha, wamemaliza makochi. Akaniuliza siri ni nini. Nikamwambia mbwa hasikilizwi, mbwa huambiwa.

Akaniomba niwachukue mwezi mzima. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Wanaletwa kesho asubuhi.

Mke wangu sijamwambia. Nataka kumfurahisha ghafla.