Dakika Ishirini na Mbili za Sala

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amemwambia binti yangu kwenye korido kwamba zimebaki wiki, si miezi. Alinong'ona. Siku hizi kila mtu ananong'ona, utadhani ninaumwa masikio. Masikio yangu mazima. Moyo ndio umechoka.

Nimeamua kuungama. Dhambi nyingine nitazimaliza na Mungu kwa jumla. Hii moja ina mwenyewe, na mwenyewe huja hapa kila siku saa nne asubuhi kuninyoa ndevu.

Niandike kwanza humu, nipate mazoezi. Mwenyewe ni Mnara. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa urefu wake. Mimi nilifundisha Hesabu, wakaniita Pembetatu. Miaka thelathini na moja iliyopita alikuwa makamu mkuu wa shule hapo ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi alisalisha shule nzima mstarini. Si sala fupi. Aliombea wizara, mvua, wapishi, chaki. Chaki aliziombea kwa rangi. Nikaazima saa ya mwalimu wa michezo, nikampima: dakika ishirini na mbili. Kipindi cha kwanza kilikuwa changu, kidato cha nne, dakika arobaini. Fanya hesabu.

Nikaiandikia bodi ya shule barua. Nikajifanya mzazi. Nikasema mwanangu analazimishwa kuitikia sala isiyo ya nyumbani kwetu, na shule hii ni ya umma, ya watoto wote. Sahihi: Mzazi Mwenye Uchungu. Bodi ikaingiwa na hofu. Sala ikafutwa yote, hata ya wale waliokuwa wakikutana kwa hiari yao wakati wa mapumziko. Mnara akapewa uhamisho, safari ya siku mbili. Miaka sita mbali na mkewe.

Dakika zangu nilizipata. Matokeo ya Hesabu mwaka ule yakashuka.

Jumamosi hii wazazi wanakutana kujadili kama sala irudishwe. Lazima ajue kabla ya hapo. Nitamwambia kesho.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Sikumwambia.

Kwanza, mpango ulikuwa na kasoro. Mtu ana wembe kooni mwako, humwambii umemtenga na mkewe miaka sita. Nikasema nisubiri afute povu. Alipofuta, akaanza yeye.

Wazazi wanaotaka sala irudi wamemwomba awasemee Jumamosi. Amewajibu hatasema neno mpaka ampate yule mzazi wa barua. Anataka kumwomba radhi. Nikamuuliza radhi ya nini, wewe ndiye uliyehamishwa. Akasema, "Pembetatu, mimi nilimsimamisha mtoto wa watu juani nikamlazimisha aseme Amina. Uhamisho ni kitu gani?" Humwombea yule mtoto kila alfajiri. Humwona kama msichana mwembamba, mstari wa nyuma. Miaka thelathini na moja.

Nikaomba maji. Akaninywesha kwa mkono wake. Ikawa mbaya zaidi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata njia! Mnara hahitaji kuungamiwa. Anahitaji kusamehewa. Na anayeweza kumsamehe ni mtu mmoja tu, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi.

Nimeandika asubuhi nzima. "Mimi ni yule mzazi. Nimesikia unanitafuta. Nimekusamehe zamani, usinitafute tena. Mtoto amekua vizuri." Nilimfanya injinia, nikaona ni majivuno, nikamshusha akawa daktari wa mifugo. Mwandiko sikuhangaika kuugeuza. Mkono unavyotetemeka, hata mimi mwenyewe siutambui.

Binti yangu ameipitisha chini ya mlango wa Mnara. Aliuliza ni barua ya nini. Nikasema mambo ya dini. Akacheka mpaka akaketi kitandani. "Baba, wewe na dini mlikutana wapi?"

Nimelala mchana usingizi mtamu kuliko wote tangu mwaka jana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mnara amekuja na barua mfukoni, macho mekundu kwa furaha. Amenikata mara mbili kidevuni. Akamkuta muuguzi anayenipitia nyumbani ananifunga kipimo cha presha, akaona amsomee na yeye. Neno kwa neno, kwa sauti ya mstarini.

Muuguzi ni mama mtaratibu wa miaka arobaini na kitu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema barua hiyo ni ya uongo.

Mnara akamuuliza anajuaje. Akasema Mnara alipokwisha kuondoka, shule nzima ilimjua mzazi wa barua: ni baba yake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na dini tofauti pale. Baba yake aliitwa ofisini, akakana, hakuna aliyemwamini. Wenzake wakahama dawati lake. Walimu wakamwita Mtoto wa Barua. Baba amekufa akikana.

"Na mimi si daktari wa mifugo," akasema, akatazama kipimo. Akasema presha yangu imepanda ghafla, na akauliza nimekula nini.

Nilimfundisha huyu mama. Kidato cha pili. Nakumbuka alama zake za aljebra, sabini na moja. Kwamba alikuwa akiketi peke yake, sikumbuki kabisa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimesema.

Niliwasubiri wote wawili wawepo, nikasema kwa mpigo mmoja, barua ya kwanza na ya pili. Nilitegemea vilio. Mnara akauliza jambo moja: nilipima kwa saa? Nikasema ndiyo. Akasema sala yake haikuwahi kuzidi dakika kumi. Nikamwambia ishirini na mbili, ninayo mpaka sekunde. Akasema saa ya mwalimu wa michezo ilikuwa mbovu, ndiyo maana tulishindwa mbio kila mwaka. Tukapandishiana sauti. Muuguzi akatuambia nyamazeni, wazee wazima mmekuwa kama watoto wa chekechea.

Hapo Mnara akakunja taulo lake polepole, pembe kwa pembe. Akasema alipokuwa kule alikohamishiwa, mwanawe wa mwisho alianza kutembea, akapata habari kwa posta. Kisha akasema, "Na yule mtoto niliyekuwa namwombea?" Nikasema hayupo. Akatoka. Hakuninyoa.

Muuguzi alibaki. Alisema maneno yale baba yake ndiye aliyestahili kuyasikia. Baadaye, akikunja vifaa vyake, akasema na jambo jingine. Zile asubuhi za sala alikuwa akifumba macho na kuhesabu pumzi, midomo ikicheza ili wenzake waone anaitikia, huku akiogopa Mungu wa kwao naye anaona. Sala ilipofutwa, akapumua. Kwa hiyo asubuhi alipumua, na mchana akala peke yake. "Mwalimu, barua yako ilisema kweli tupu. Ila uliandika kwa ajili ya ratiba."

Ametaka niandike yote, kwa jina langu kamili, yasomwe kesho. Nimeandika. Sahihi ilinichukua muda. Sikuwa nimeizoea kwenye barua za aina hii.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mimi siwezi kuvuka barabara. Binti yangu amekwenda, ameniletea habari.

Ukumbi ulijaa. Baba mmoja alisema tangu sala itoke shuleni, adabu nayo imetoka. Mama mmoja akamuuliza sala itakayorudi ni ya nani, yako au yangu. Wakaanza kufokeana. Mnara akasimama, na kwa urefu ule kila mtu akanyamaza. Akasoma karatasi yangu yote. Kwenye habari ya saa, watu walicheka. Kwenye baba wa muuguzi hakuna aliyecheka. Binti yangu anasema yeye mwenyewe aliinamisha kichwa mpaka ikaisha, na kwamba atazungumza na mimi akipoa.

Kisha Mnara akasema lake. Sala anaipenda na atakufa nayo, lakini mtoto hasimamishwi mstarini kwa sala asiyoichagua. Wanaotaka wapewe chumba kabla ya kengele, dini zote, kwa zamu. Mstarini yabaki matangazo. Wanaokubali wakanyoosha mikono, hoja ikapita. Muuguzi akaomba jina la baba yake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba barua haikuwa yake. Likaandikwa. Akatoka nje kabla ya chai.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Saa nne. Saa tano. Saa sita. Mnara hakuja.

Binti yangu alijitolea kuninyoa. Nikakataa. Ndevu zinawasha.

Nilidhani kuungama kunampunguzia mtu mzigo. Ninapumua kwa shida zaidi kuliko jana.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Amekuja. Saa nne kamili, na beseni lake. Hakusalimu. Akapaka povu, akanyoa shavu la kulia, akanyoa la kushoto. Kwenye koo alisimama kidogo. Nilifumba macho. Nilimwona ana haki.

Alipomaliza akasema kunisamehe kunakwenda polepole. Anasamehe mwaka mmoja mmoja, na kati ya ile sita amefika wa pili. Akanionya nisithubutu kufa kabla hajamaliza. Nikasema nitajitahidi. Halafu akasema nafasi ya yule mtoto alfajiri imebaki wazi, kwa hiyo ataniweka mimi. Akafumba macho, akaanza kusali hapohapo kitandani kwangu. Sikumpima. Nilimshika mkono, na mwisho nikaitikia mwenyewe, bila kulazimishwa.

Baada ya chakula muuguzi amekuja. Presha imeshuka. Ameniita Mwalimu, ameniachia dawa, hakukaa. Ni haki yake.

Siku njema kabisa, hadi binti yangu aliporudi kutoka dukani na habari. Shule imeshachagua chumba cha sala. Ni stoo ya Hesabu. Ile ile. Nilikopanga bikari za mbao na vipimapembe vya ubao kwa ukubwa, rafu nilizozipigilia misumari mimi. Wanaviondoa Jumatano, havijulikani vinakwenda wapi. Chumba cha Jiografia kina nafasi mara mbili, na ndani yake kuna ramani moja tu iliyochanika!

Nimeomba karatasi. Nimeanza hivi: "Kwa bodi ya shule. Mimi ni mlezi wa mwanafunzi mpenda sala, na nina wasiwasi mkubwa kuhusu hewa ya stoo hiyo." Ninatumia mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umeshajulikana.

Limebaki suala la nani aipeleke. Binti yangu hapana. Mnara anakuja kesho saa nne, anapita shuleni akirudi kwake, na tangu nimfahamu hajawahi kufungua bahasha ya mtu.