Bushi Mpya za Gari la Baba

Jumatano, 4 Machi
Mama ametangaza. Jumapili nitamwendesha kwenye gari la marehemu baba. Asiporidhika, gari ni la Shemeji. Shemeji! Mume wa dada yangu, mtu anayefunga mkanda hata gari likiwa limezimwa! Hili ni gari la mbio, milango miwili, injini bado inanguruma. Tatizo ni mkia. Kwenye kona unayumba kama bata. Nimelala chini yake nikachungulia. Bushi za nyuma, zile raba zinazoshika mikono ya magurudumu, zimepasuka kama visigino vyangu. Harufu ile ya raba na grisi ikanirudisha utotoni, nimejikunja kiti cha nyuma, baba anapiga mluzi. Nimelia. Nikiulizwa, ni grisi iliingia machoni.

Alhamisi, 5 Machi
Nimenunua bushi mpya. Fundi wa gereji ya kona alitaka nimpelekee yeye gari. Nikakataa. Basi, akasema, nisikaze boliti mpaka gari lishuke, lisimame kwa magurudumu yake, la sivyo raba zitajisokota zichanike. Nikamshukuru. Simwamini hata chembe. Kila asubuhi anakunywa chai na Shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 7 Machi
Kazi imekwisha! Bushi za zamani zilitoka kwa nyundo, matusi na ukucha wangu wa kidole gumba. Boliti nimezikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Huko chini nafasi tele, spana inazunguka bila shida. Ati nilishushe kwanza, halafu nijibanze kama mende? Fundi alitaka kunichelewesha tu. Nikalishusha. Nyuma imebaki juu! Limesimama kwa maringo, kama nilipokuwa mtoto. Shemeji alipita akauliza kwa nini limeinua makalio. Wivu huo.

Jumapili, 8 Machi
Mama alivaa kitambaa chake cha kichwa cha enzi za baba. Tukaondoka vizuri. Tuta la kwanza: kraa! La pili: kraa, upande wa pili! Raba zimechanika. Kwenye kona ya kiwanda cha mbao mkia ukarushwa huku na huku, vibaya kuliko zamani. Nikajua gari limeniponyoka. Sikuthubutu kumtazama mama.

Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka. Akasema hivi hivi ndivyo lilivyowatikisa wakiwa wachumba. Baba naye alibadilisha bushi kila mwaka kwa mikono yake, akazikaza gari likiwa hewani, na kila mwaka mafundi wakamwonya bure. Akasema tangu tumzike hajamsikia karibu namna hii. Akaniomba niirudie ile kona. Tuliirudia mpaka taa ya petroli ikawaka. Tuliposimama, aliniwekea funguo mkononi, akanifumba vidole. Nami nimemkumbuka baba, jamani. Nimemkumbuka sana.

Jumatatu, 9 Machi
Kwa hiyo halikuwa kosa. Ni urithi! Dada amekuja kunipongeza, akalalamika kwamba gari la mumewe nalo linagonga nyuma. Nikamwambia asihangaike na mafundi, kazi hii kwetu iko damuni. Shemeji amelala usingizi wa mchana. Gari lake tayari liko juu ya jeki, bushi mpya zimeingia, na boliti zote nimezikaza barabara.