Shavu Lako Hashishi

Jumatatu, 3 Oktoba

Harusi ya binti wa Haji Bayumi nimenyang'anywa. Mimi! Ustadh Rashad Abu Durra, niliyeimba kwenye harusi ya Haji Bayumi mwenyewe enzi za kaseti, mtaa mzima wa Imbaba ukatoa machozi! Nilikuwa buchani kwake nangoja nyama ya kusaga. Akaniambia, huku ananoa kisu, kwamba bibi harusi amemtaka Zuka. Akaniomba nisikose kuja kula.

Zuka! Jina lake hasa Abdel-Zahir, mtoto wa fundi bomba wa ghorofa ya chini. Juzijuzi tu alikuwa anatengeneza simu. Hajui udi wa nyuzi unashikwa upande gani. Ana kompyuta, ana mashine ya kunyoosha sauti, na ana wimbo mmoja unaopigwa na kila bajaji hapa Kairo: "Shavu lako hashishi, nipe nivute kidogo." Basi! Huo ndio ushairi. Shavu la mtu unalivutaje?

Nimefika nyumbani. Inshirah, mke wangu, anaviringisha majani ya mzabibu huku anauimba. Nikamuuliza anaimba nini. Akasema haimbi kitu.

Alikuwa anaimba.

Sina wivu. Mimi najali maadili tu.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimevaa suti, nimekwenda ofisi ya chama cha wanamuziki. Nimemweleza bibi wa mapokezi, Madamu Ragaa, kwamba kuna kijana anawaimbia watoto wetu hashishi mchana kweupe. Akaniuliza kama nimeusikiliza wimbo wote. Nikasema mara nyingi, kwa ajili ya uchunguzi tu.

Madamu Ragaa kaguna. Anasema malalamiko ya namna hiyo yamewajaa hadi dirishani: huyu kaimba bangi, yule vidonge, yule bia. Kamati ikipiga wimbo marufuku, kesho yake ndio unasikilizwa maradufu. Hata hivyo, akanong'ona, wazee wa kamati wanaiogopa televisheni. Yule mtangazaji anayepiga meza ngumi kila Jumatano kwa sababu ya nyimbo hizi, akililia jambo, kamati hailali.

Nusura nimbusu mkono.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimepiga simu kwenye kipindi. Nimepokelewa! Hewani!

Nilikusudia kujitaja kama baba mmoja mwenye uchungu. Basi. Lakini mtangazaji aliponiuliza naongea na nani, ulimi ukateleza: Ustadh Rashad Abu Durra wa Imbaba, mwimbaji, mwanachama wa chama mwenye kadi. Nikaona hakuna ubaya. Nchi nzima inasikiliza.

Nikasema vijana wanaangamia. Mtangazaji akapiga meza. Nikasema sanaa imekufa. Akapiga tena. Kisha akanitaka nimtajie hayo maneno machafu, watazamaji wapime wenyewe. Nikayataja. Lakini kutaja tu hakukutosha kuonyesha ubaya wake, nikaona niimbe kidogo, nionyeshe jinsi kijana alivyounyima wimbo haki yake. Nikaanzia chini. Nikapanda. Kwenye neno "hashishi" nikakaa, nikalizungusha, nikalishusha taratibu kama walivyotufundisha wakubwa zetu. Nilipofumbua macho, nikasikia mtu studio anasema, "Allah! Allah, ya Ustadh!"

Inshirah alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema tangu tuoane hajanisikia nikiimba hivyo.

Naona ujumbe umefika.

Alhamisi, 6 Oktoba

Ujumbe umefika vibaya.

Nimetoka kununua mkate. Bajaji ya kwanza imepita na sauti yangu. Ya pili pia. Ya tatu imepita na sauti yangu imetiwa ngoma chini yake, dum dum dum, mimi nalia "hashiiishi" juu. Wananiita Mzee Hashishi. Muuza ful, yale maharage yetu ya asubuhi, kanikataza kulipa, kasema mtu mwenye mapafu kama yangu hali kwa pesa.

Alasiri mlango umegongwa. Zuka! Kaja na mfuko wa mapera. Nilidhani kaja kunipiga. Kanibusu kichwani.

"Ami Rashad, umenipaisha! Usiku mmoja tu, wimbo umefika hadi Aleksandria!"

Nikamwambia nilipiga simu kumshitaki. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Najua, Ami! Kila mtu anajua! Nishitaki tena wiki ijayo, tafadhali."

Inshirah kamkaribisha chai. Kamwekea vijiko vitatu vya sukari. Mimi huniwekea kimoja.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimeitwa chama. Nikajipaka manukato, nikijua ni shukrani.

Wazee watatu wa kamati. Katikati ya meza, simu, na ndani ya simu, sauti yangu. Mwenyekiti akauliza kama huyo ni mimi. Nikasema ni mimi, na kama wamesikia pale ninaposhuka. Akasema wamesikia. Wamesikia mwanachama wa chama akiimba hashishi kwenye televisheni ya taifa zima, akijitaja kwa jina na kadi.

Nikapiga kelele kwamba mwenye wimbo ni Zuka! Mwenyekiti akasema Zuka si mwanachama. Hana kadi. Asiye na kadi watamnyang'anya nini?

Yangu wameichukua. Bila kadi sipandi jukwaani, si hotelini, si kwenye meli za Nile, si popote penye askari.

Madamu Ragaa kanisindikiza hadi kwenye ngazi. Kaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naweza kumwimbia dada yake kile kipande kwa simu. Nimekataa.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimelala kutwa. Inshirah kakaa ukingoni mwa kitanda, kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia anyamaze. Akasema:

"Mimi niliolewa na sauti, Rashad. Sikuolewa na kijicho."

Kisha kaenda kulala kwa dada yake, mtaa wa Shubra. Kaacha sufuria ya dengu.

Dengu hazina chumvi. Kusudi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Harusi. Nimekwenda kama mgeni, kwa ajili ya nyama tu. Na kwa ajili ya jambo moja dogo.

Zuka bila mashine yake ni nini? Chura. Basi nikawaza: ichomolewe mashine, watu wasikie sauti tupu, wajue walichokinunua. Alipoanza tu kuimba nikasema naenda msalani, nikapita nyuma ya jukwaa. Nyaya zimelala pale kama makaroni. Nikachagua mnene kuliko zote. Nikavuta.

Mtaa mzima ukazimika! Taa za jukwaa, taa za madirishani, hadi majokofu ya bucha. Nikamsikia Haji Bayumi akililia maini yake.

Nikangoja Zuka aaibike gizani. Badala yake mtu akashika tabla, akaanza kugonga. Wanawake wakapiga vigelegele. Na Zuka akaimba. Bila mashine, bila kipaza sauti.

Naandika hapa kwa sababu hasomi mtu: sauti anayo. Inakwaruza kidogo, lakini inaingia. Mwanaharamu, sauti anayo.

Nilikuwa bado nimeshika waya aliponiita.

"Ami Rashad yuko wapi? Ami, njoo unisaidie, hapa bila wewe sifiki!"

Wakanisukuma jukwaani. Akaimba mstari wa kwanza, nikaupokea wa pili, nikaupeleka juu kule anakokuogopa yeye. Mtaa ukapiga ukelele. Bibi harusi alilia, niliona wanja wake unamwagika kwenye mwanga wa simu. Kwa muda ule sikuwa na kinyongo na mtu yeyote duniani.

Umeme ukarudi. Watu wakamwinua mabegani, wakamzungusha mtaa mzima.

Yeye. Mimi nilishuka kwa ngazi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Madamu Ragaa kapiga simu: niende nikachukue kadi yangu.

Nikauliza kamati imetambua kosa lake? Akasema hapana. Zuka alikwenda mwenyewe asubuhi. Kawaambia wazee kwamba Ustadh Rashad ni baba yake wa sanaa, na wakimrudishia kadi, yeye atalitoa neno hashishi na kuurekodi wimbo upya. Kawaapia. Mwenyekiti alifuta machozi.

Inshirah karudi kutoka Shubra. Kashasikia. Kila mtu kashasikia! Buchani wanasema kijana ana moyo wa dhahabu. Muuza ful anasema hajapata kuona adabu kama ile. Mama yake Zuka kanipita kwenye ngazi na uso unang'aa kama mwezi. Inshirah kasema nishuke nikamshukuru.

Nimeshuka. Nimemshukuru. Kanikumbatia, kasema tutoe wimbo pamoja, majina mawili, tugawane nusu kwa nusu. Jina la kwanza la nani, nikauliza. Akasema, "Lako, Ami, bila shaka lako!"

Yaani hata hapo kanishinda. Nikamwambia nitafikiri.

Jumatano, 19 Oktoba

Wimbo mpya umetoka. Kalitoa hashishi, kaweka basbusa. "Shavu lako basbusa, nipe nionje kidogo." Akina mama wanauimba barazani. Walimu wanawaimbisha watoto. Yule mtangazaji kaupongeza, hakupiga meza hata mara moja, kasema sasa hii ndiyo sanaa safi ya Misri. Muuza halua wa pembeni kamaliza trei zote kabla ya adhuhuri.

Nimekaa nikafikiri. Basbusa ni nini? Semolina, siagi, na sharubati nzito ya sukari. Sukari tupu! Na nchi hii imejaa wagonjwa wa kisukari, kila nyumba haikosi mmoja. Na huyu kijana anawaimbia watoto wetu waonje, mchana kweupe!

Nimemuuliza Inshirah Wizara ya Afya inafungua saa ngapi. Kaingia jikoni, anauimba.

Si kitu. Nitakwenda mapema, nikasubiri mlangoni.