Niitwe Wewe Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 9 Aprili 1934

Chai kwa kina Edna. Mzee Holroyd, baba yake, kanifungulia mlango. "Mmefika? Haya, ingieni, kaeni." Nikageuka kuangalia nyuma. Hakuna mtu. Ni mimi peke yangu, Clarence Barraclough, karani wa tiketi stesheni, na nakaribishwa kama kwaya nzima!

Huku kwetu Yorkshire mtu wako wa karibu huitwa "wewe". Mgeni, daktari na mtoza kodi ndio "ninyi", hata akiwa mmoja, ili ajue mpaka wake. Mzee anamwita mchungaji "wewe". Njiwa wake, "wewe". Mbwa wake Daisy, anayenuka, "wewe mpenzi wangu". Mimi, mwaka wa tatu huu, ninyi.

Edna kanisindikiza hadi getini. Kasema hatavaa pete yangu mpaka baba yake aniite wewe. Na nikishindwa hadi Jumapili, anakwenda zake Leeds, kiwanda cha nguo, kazi ipo. Nampenda mno. Hapa pataka akili. Bahati nzuri ninayo.

Jumanne, 10 Aprili

Nimemwendea Mwalimu Illingworth, anayejua kila kitu na kukisema chote. Anasema zamani Uingereza nzima mtu mmoja alikuwa wewe, watu wengi ninyi. Kisha wafalme wakataka kuitwa kama watu wengi. Mabwana wakawaiga wafalme, wafanyabiashara wakawaiga mabwana, mke wa mwoka mikate naye akasema kwani yeye nani. Mwishowe nchi nzima ikawa ninyi. Aliyebaki wewe ni Mungu kanisani, na sisi huku milimani.

Kumbe palikuwa na watu wa dini waliomwita kila mtu wewe, hata hakimu, kwa kuwa wote ni sawa mbele ya Mungu. Mwalimu akaendelea na habari za wao kufungwa na kuchapwa. Sikumsikiliza. Nimeshapata wazo! Kesho naanza mimi kumwita Mzee wewe, naye atajibu vivyo hivyo.

Jumatano, 11 Aprili

Nimeingia kifua mbele. "Hujambo wewe, mzee wangu wewe?" Hata Daisy kaacha kujikuna. Mzee akaweka kiko chini. "Nani kawaruhusu mniwewe? Kajiweweeni wenyewe huko nje!"

Nikajikuta nje. Kofia imebaki ndani. Dirishani nikamwona Crabtree, mwuza nyama aliyehamia mwezi jana, kaleta utumbo. "Keti wewe, kijana mzuri wewe!" Mwezi mmoja tu! Kwa utumbo! Na macho yake yote kwa Edna. Simpendi, na nyama yake ina mafuta.

Alhamisi, 12 Aprili

Ukipenda boga, penda na ua lake. Boga ni Mzee. Ua ni Malkia, njiwa wake wa mashindano. Jumamosi njiwa wa kijiji wataachiwa mjini Derby waruke hadi nyumbani. Mshindani anahitaji nguvu!

Mzee alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya nikaingia bandani na pudini ya mama, ya unga na mayai, mchuzi wa nyama juu. Malkia kala yote. Kaniangalia. Nikampa na mkate uliochovywa mafuta. Akashiba mpaka akakaa. Mzee atalia kwa furaha.

Ijumaa, 13 Aprili

Nimepakia vikapu vya njiwa kwenye treni kwa mikono yangu. Kikapu cha Malkia kizito. Dalili njema.

Jumamosi, 14 Aprili

Njiwa wa wenzake Mzee wamefika wote. Mzee kasimama uani macho juu tangu mchana. Mie nikarudi zamu.

Saa kumi simu ikalia. Mtu wa ishara za treni kule bondeni anauliza kama tunamjua njiwa anayetembea kwa miguu kwenye reli, anapumzika kila baada ya hatua chache, na treni ya abiria imesimama kumpisha. Nikasema namjua.

Mzee kapata habari, kaja stesheni na mtaa mzima nyuma, Malkia naye akawasili kwa miguu. Akambeba Malkia. Akampapasa tumbo. Akamnusa, ananuka mchuzi wa mama yangu. Kisha akanigeukia, uso mwekundu. "Wewe! Wewe kichwa kabichi, wewe ndugu yake punda, umemlisha nini mtoto wangu, wewe?"

Neno baada ya neno, tamu! Nikapiga goti palepale na pete yangu.

Edna alicheka mpaka akakaa kwenye jukwaa. Mzee akang'aka kwamba alikuwa ananitukana. Edna akamwambia, "Umesema, baba, na mtaa mzima umesikia." Crabtree akajaribu kusema tusi halihesabiki. Akaambiwa akauze nyama. Mzee kanitazama, kamtazama binti yake anavyofuta machozi ya kicheko, kakohoa. "Basi wewe ndiye utakayemkimbiza Malkia kila asubuhi mpaka apungue."

Edna kavaa pete. Sijawahi kuwa na furaha kiasi hiki.

Jumapili, 15 Aprili

Chai kwa wakwe. "Wewe, leta makaa. Wewe, funga mlango. Wewe, hicho ni kiti cha Daisy." Raha tupu! Mpango wangu wa pudini ulikuwa mzuri tangu mwanzo, ila watu hawakuuelewa.

Jambo moja tu. Bibi yake Edna kafika kutoka Whitby kwa ajili ya uchumba. Kanipa vidole viwili nivishike. "Na ninyi ni nani?" Ninyi!

Haidhuru. Ana paka mweupe anayempenda kuliko watu, na kwa jicho langu weupe wake umefifia kidogo. Stesheni tuna sabuni kali ya kuoshea mabehewa. Kesho bibi akilala mchana, namwogesha paka huyo.