Mapezi Thelathini

Vita vilipokatisha treni za Bukama, wenye akili walitafuta mihogo. Zébédée alitafuta mjinga. Alikuwa karani wa zamani, Mmethodisti mwenye tai moja na maneno matamu, na Mungu hakumnyima: alimshushia pale Kamina Madame Marceline, mtafiti kutoka Lubumbashi, kwa ndege ya jeshi.

Madame alikuwa na hofu ya kweli. Wenye silaha walikuwa wakivua Lualaba kwa guruneti, na kabla tilapia hawajaisha alitaka kujua koo zao: wa Bukama, wa Katoto na wa Malemba-Nkulu ni ndugu, au kila kundi lina damu yake ya kulindwa? Hakuhitaji kuua samaki. Kipande cha pezi tu, kama ukucha, ndani ya kichupa cha spiriti. Mengine yangesomwa maabara, Ulaya. Ambaye angemletea vichupa thelathini, kumi kila mahali, angepewa baiskeli mpya.

Baiskeli, wakati ule! Mwenye nayo alipeleka mahindi vijijini, akarudi na mafuta ya mawese, watoto wakashiba. Watoto wa Zébédée walikuwa wakila mara moja kwa siku, na hilo halikuwa mzaha.

Lakini kwenda Malemba-Nkulu katikati ya bunduki za waasi? Ushujaa aliwaachia wenye nafasi. Akamwendea Mama Nathalie, muuza samaki, akiwa na redio yake mwenyewe kwapani.

"Mama, natafuta tilapia mubichi. Kumi ya Bukama, kumi ya Katoto, kumi ya Malemba. Utabakia na redio."

Nathalie alimtazama. Mtoto yeyote wa Kamina anajua kwamba samaki wa Lualaba hufika mjini amekaushwa kwa moshi au chumvi. Joto halina huruma. Ila karani huyu maisha yake yote alikutana na samaki sahanini.

"Kuya kesho, Papa," akasema. "Ndugu yangu njo analeta."

Kesho yake ndoo tatu zilikuwa tayari. Zébédée akakata mapezi, akaandika majina ya mahali kwa mwandiko wake mzuri, akala ushahidi kwa ugali wa bukari pamoja na wanawe. Akaongeza daftari la safari lenye mbu, mamba na wanamgambo wawili.

Miezi mitano baadaye Marceline alirudi na karatasi.

"Papa Zébédée, hii samaki yote iko na mama mumoja na baba mumoja. Ilitembea pamoja mpaka Malemba?"

"Ni famille, Madame. Inapendana."

"Na ile damu haiko tena mu Lualaba. Tulipima samaki bantu bengine balileta, hatukuiona. Sema fasi uliikamata, ao cahier yako ya safari itaenda kwa commandant. Atapenda kujua nani anavukaka kwa baasi."

Zébédée alipima haraka. Mpelelezi wa waasi hupigwa risasi, tapeli huchekwa. Akachagua kuchekwa, akampeleka kwa Nathalie.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bwawa. Babu yake Nathalie alilichimba na kulijaza samaki wa Lualaba, miaka mingi kabla ya guruneti. Marceline alichutama ukingoni akalia kwa furaha, bila aibu: ukoo uliotoweka mtoni ulikuwa hai humo. Baiskeli akapewa Nathalie, alinde bwawa na asiuze tena hata mmoja.

"Na redio yangu?" akauliza Zébédée.

"Uliomba samaki, Papa. Ulikula samaki," akajibu Nathalie.

Nathalie hakujua kuendesha baiskeli, wala hakutaka kujifunza. Alihitaji mtu wa kuisukuma. Jumatatu iliyofuata Zébédée, tai shingoni, aliisukuma kwenye mchanga ikiwa na magunia mawili ya mahindi, na Nathalie akamfuata nyuma akimwomba asikwaruze rangi.