Uzinduzi wa Joka Lisilokohoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tunaambiwa yuko njiani. Wajumbe wa Bodi, wakuu wa idara, makaimu wa wakuu wa idara, wazee wetu, mama zetu, wanafunzi mliotolewa madarasani, na wewe fundi mitambo mwenye hiyo rimoti, usiiguse mpaka nikuambie: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nimesimama hapa kama Mkurugenzi Mkuu wa televisheni yenu, kwa unyenyekevu ambao nasifiwa nao hadi nje ya nchi, kuwaletea toleo la kisasa la tamthilia ya Joka la Ziwa Kavu, ambayo tuliitazama utotoni kwa jirani, tumekaa sakafuni, tukifukuzwa hatuondoki. (Kicheko.) Sasa, ndugu wadau, tukifanya uchambuzi linganishi wa matoleo haya mawili kwa kuzingatia viashiria vyote, tutabaini kwamba zamani tulikuwa tunachezewa akili. Joka lile lilikuwa mablanketi na magunia. Moshi wa puani ulikuwa sigara ya marehemu seremala, aliyekaa ndani ya kichwa na ndiye aliyekuwa sauti ya joka. Mjane wake, mama yetu fundi cherehani aliyelishona, yuko pale safu ya pili na wajukuu. Simama, mama, wakuone. (Makofi marefu.) Keti, mama, muda hautoshi.

Na lilikuwa linakohoa! Mnakumbuka? ("Tunakumbuka!") Katikati ya kutisha kijiji, khoo, khoo, khoo, na sisi mbio chini ya meza. Hivyo ni viwango? Eti binti wa kisima akalishinda kwa kulipelekea maji ya kunywa! Katika toleo la kisasa, kwa mujibu wa mpango mkakati, binti ana shahada mbili na helikopta, na joka halikohoi, bali lina mabawa manne, magamba milioni moja na laki mbili, linatema moto wa kompyuta, na litaongeza uelewa wa wananchi kuhusu majoka kwa asilimia mia na arobaini. (Makofi ya safu ya mbele.) Wahenga walisema, kipya kinyemi. ("Ingawa kidonda!") Hiyo nusu ya pili sikuiomba.

Mama huyu amelikalia sana benchi la mapokezi ofisini kwangu akiomba jambo moja: wajukuu waisikie sauti ya babu yao, maana hakuacha nyingine. Nikamwambia subira yavuta heri. Na ndiye aliyetuazima mkanda wenyewe wa tamthilia, wa mwisho uliobaki, aliokuwa ameutunza kabatini kati ya mashuka, baada ya mikanda yetu kuoza stoo. Fundi, washa!

(Skrini inawaka. Anaonekana Mkurugenzi akikata utepe.)

Huyo ni mimi, mwaka jana, nikizindua maandalizi ya uzinduzi huu. Tazameni ubora wa picha! Mikanda mitupu ilikuwa imekwisha, tukarekodi juu ya ule uliokuwa karibu. Mama anauliza, "Mwanangu, na sauti iliyokuwa chini yake?" Mama, teknolojia haijafika huko.

Kwa hiyo namshukuru mama kwa mchango wake wa mkanda, nawashukuru wasanii ambao tutawatafuta, na nawahakikishia kwamba toleo la kisasa litaanza kuandikwa mara tu tutakapopata nakala ya lile la zamani, ili tujue hadithi ilikuwaje. Joka jipya! Nikisema joka jipya, mnaitikia zama mpya! Joka jipya!

(Mama wa safu ya pili anasimama. Khoo, khoo, khoo, kwa sauti nzito ya kiume. Wajukuu wanamtazama, midomo wazi. Mzee mmoja nyuma anacheka huku akijifuta machozi.)

Mama anaumwa. Mpelekeeni maji ya kunywa.

(Ukumbi mzima unakohoa.)

Asanteni kwa kunisikiliza.