Udongo wa Paka na Usalama wa Taifa

Jumatatu, 3 Machi

Muswada wa Usalama wa Nishati na Madini umefika kamatini. Washington nzima inauzungumzia. Kila mbunge anataka madini ya kwao yaitwe ya kimkakati, maana yakishaitwa hivyo serikali inajenga barabara, inatoa mikopo, inakuja kupiga picha. Wenzetu wana lithiamu. Wana kobalti. Sisi wa Pickett Flats tuna udongo. Na udongo wenyewe kazi yake kubwa ni kumwagwa kwenye karai ili paka ajisaidie.

Bosi wangu, Mheshimiwa Haskell Tolliver, ana uchaguzi Novemba na hana cha kuwaonyesha wapiga kura ila meno. Nimemwambia tuingize udongo wetu kwenye orodha. Akaniuliza kama nimelewa. Nikamweleza: udongo huohuo hukorogwa na maji ukatumika kuchimbia visima vya gesi. Bila udongo hakuna kisima. Bila kisima hakuna gesi. Bila gesi hakuna Marekani! Akaniagiza nimtafutie mahojiano ya televisheni.

Mimi ni kichwa. Sijui kwa nini bado meza yangu iko jirani na choo.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Lindqvist, ametangaza kwamba ataongeza aina moja tu ya madini, basi. Na Odessa Pruitt, msaidizi wa mbunge wa mlango wa pili, anapigania antimoni. Antimoni inaingia kwenye risasi. Udongo wetu unaingia kwenye... tuyaache.

Odessa na mimi tulianza kazi siku moja. Yeye ana ofisi yenye dirisha. Leo kwenye foleni ya kahawa ameniuliza, kwa upole wa nyoka, kama ni kweli paka wa kwetu sasa ni wanajeshi. Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba asiyekujua hakuthamini. Akasema yeye ananijua vizuri, ndiyo maana.

Mbinu nimeshapata. Wajumbe waushike udongo kwa mikono yao, waone ulivyo laini! Mama yangu anaendesha winchi ya kupakia mizigo kwenye kiwanda cha udongo kule nyumbani. Alishaniletea gunia la sampuli tangu Krismasi, liko chini ya meza yangu. Kesho ni kesho.

Jumatano, 5 Machi

Nimegawa udongo kwenye vifuko, nikaviacha mlangoni pa kila mjumbe kabla hawajafika. Sikuandika jina. Nilitaka wajiulize.

Walijiuliza. Muda si muda jengo zima lilikuwa nje barabarani. Unga wa kijivu, kifuko kisicho na jina, ofisi ya mbunge... sikuwaza kabisa kwamba watadhani ni sumu! Walikuja watu waliovaa kama wanakwenda mwezini. Alikuja mbwa. Mbwa akanusa kifuko, akakizunguka, akainua mguu.

"Mkuu!" mmoja wao akapaza sauti, umati wote ukasikia. "Ni mchanga wa paka!"

Nikanyoosha mkono, nikasema ni wangu. Mkuu wao akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikamjibu: usalama wa taifa. Kumbe hilo halikuwa jibu zuri. Nimeshinda ndani ya gari lao mpaka alasiri. Mheshimiwa Tolliver alipita karibu na dirisha, akawa anatazama mawingu kama mkulima.

Alhamisi, 6 Machi

Maajabu ya Musa! Mwenyekiti ameniita. Kumbe anafuga paka, tena wengi. Kisa cha mbwa kimemchekesha hadi kufuta machozi. Amesema nafasi ni ya udongo, nilete kifungu cha sheria kabla ya kikao cha mchana.

Kifungu! Mimi huandika kadi za rambirambi. Nikazunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga. Kwenye mashine ya kunakili nikakuta karatasi ya Odessa aliyoisahau: kifungu cha antimoni. Kizuri, kizito, kila mstari una "licha ya" na "kwa mujibu wa". Nikafuta "antimoni", nikaweka "udongo". Sikukisoma chote. Kusoma sana ni kujitafutia wasiwasi.

Kimepita! Odessa amenipa mkono mbele za watu. "Hongera, ndugu yangu," akasema. "Kifungu kitamu hicho." Maskini, nilimwonea huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amepiga simu asubuhi. Hakusalimia.

"Lyle, ni wewe uliyeandika kwamba udongo ni wa ulinzi peke yake?"

Nikakana. Nikafungua kifungu. Mstari wa mwisho: "wala hautatumika kwa shughuli nyingine yoyote ya kiraia."

"Basi mwanasheria wa kiwanda ameingiwa na hofu," Mama akasema. "Mitambo imezimwa. Tumekaa nje kwenye theluji, kiwanda kizima, na wote wanajua mimi ndiye niliyekuzaa."

Nikamweleza kwamba muswada bado haujawa sheria, atulie. Akasema nikawaeleze hivyo paka.

Mchana taifa zima limesikia. Watu wanagombania mifuko ya mwisho madukani. Simu ofisini hazipumui. Bibi mmoja wa Ohio alimweka paka wake kwenye simu aongee na Mheshimiwa mwenyewe. Mheshimiwa alimsikiliza mpaka mwisho, akaahidi kulifuatilia.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha dharura. Mwenyekiti alikuja na mikwaruzo hadi viwikoni. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Udongo umetolewa kwa kura zote. Mheshimiwa Tolliver alinyoosha mikono yote miwili.

Nafasi ilipobaki wazi, Odessa akafungua mkoba, akatoa kifungu kingine cha antimoni. Kifupi. Hakikatazi kitu. Kikapita kama maji. Nikamvizia koridoni, nikamuuliza kile cha kwenye mashine kilikuwa nini.

"Rasimu niliyoitupa," akasema. "Ilikuwa na kasoro. Nilidhani utaisoma, Lyle."

Kiwanda kimefunguliwa. Mama anasema wenzake wamemsamehe yeye, mimi bado, na nisionekane kwao Pasaka kabla sijamwomba radhi meneja. Mheshimiwa amenihamishia chumba cha chini, kwenye mabomba. Kazi yangu: kujibu barua za wenye paka.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari kwa kina. Nilikosea wapi? Jibu liko wazi: nilichagua kitu ambacho watu wanakitumia. Safari hii nimechagua upepo.

Upepo wa Pickett Flats unavuma mwaka mzima, kisha unavuka mpaka kwenda jimbo la jirani na kuzungusha mitambo ya umeme ya watu ambao hata hawatupigii kura. Bila kibali! Nishati ya wapiga kura wetu inatoroka mchana kweupe na hakuna anayesema neno. Nimeandika kifungu mwenyewe, kwa mkono wangu. Upepo wote utabaki jimboni.

Odessa aliposhuka kutafuta karatasi nikamsomea. Akaniuliza ni nani atakayeuzuia upepo usivuke. Nikamwambia hayo ni mambo ya kanuni, sheria ipite kwanza.

Amepanda juu mbio kumwita Mheshimiwa. Nadhani imemgusa.